Sura ya Saba: Mawimbi Yanayohama na Marekebisho ya Doppler katika Redio ya Ridhaa

Masafa ya wimbi la redio, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde ambayo hupimwa kwa hezi, hayategemei mtambo unaolirusha peke yake, bali hutegemea pia mwendo uliopo kati ya mtambo huo na anayelipokea. Wawili hao wanapokaribiana, mawimbi hubanana na masafa hupanda; wanapoachana, mawimbi hutanuka na masafa hushuka. Mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, alilieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1842 alipokuwa akitafuta sababu ya rangi za nyota pacha, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akalithibitisha kwa sauti, kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize noti zikipanda na kushuka.

Mkazi wa Dodoma anaweza kulisikia jambo hilohilo kwenye reli ya kisasa ya SGR iliyoanza kuuunganisha mji huo na Dar es Salaam mwaka 2024. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa ikipiga honi ya hezi 400, aliyesimama karibu na njia husikia takriban hezi 460 treni inapomjia na takriban 354 inapomwacha, kwa kuwa mwendo wa treni hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwendo wa sauti hewani. Mwendo wa wimbi la redio ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa hiyo redio ya megahezi 145 ndani ya treni hiyohiyo huhama kwa hezi 21 tu. Kiasi hicho hakimsumbui mtu anayezungumza kwa sauti. Hata hivyo, chombo kinapokuwa setilaiti, na mawasiliano yanapokuwa ya kidijitali, hesabu hubadilika kabisa, na sura hii inaonyesha kwamba marekebisho yake si kazi ya kubahatisha kwa kuzungusha kitufe, bali ni hesabu inayosimama juu ya ukweli wa mambo matatu: mahali pa kituo, saa ya kituo, na njia ya chombo angani.

Mkunjo wa kila mpito

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu wenye leseni, ambao kwa Tanzania huipata kutoka Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na jina la kituo linaloanza na 5H, wanaotumia redio kwa kujifunza, kujaribu na kusaidiana bila kufanya biashara. Wanaridhaa wana setilaiti zao tangu tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu baada ya uhuru wa Tanganyika, iliporushwa OSCAR 1, chombo kidogo kilichotengenezwa na wanaridhaa wa Marekani na kilichorudiarudia herufi mbili za msimbo wa Morse kwenye megahezi 144.983. Zaidi ya watu 570 katika nchi 28 walituma taarifa za kukisikia, na kila aliyekifuatilia kwa makini alisikia sauti yake ikishuka polepole, kisha kwa haraka, kisha polepole tena.

Mshuko huo wa hatua tatu ndio umbo la badiliko la Doppler katika kila mpito, yaani katika kila safari ya setilaiti kutoka upeo mmoja wa macho hadi mwingine. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kinachobeba redio za ridhaa kikiwa kimo cha takriban kilomita 400, huenda kilomita 7.66 kwa sekunde. Kinapochomoza kwenye upeo, karibu mwendo wake wote unaelekea kwa msikilizaji, hivyo wimbi lake la megahezi 145.825 hufika likiwa juu kwa kilohezi 3 na nusu hivi, na lile la megahezi 437.8 likiwa juu kwa takriban kilohezi 10. Kinapofika karibu kabisa na msikilizaji, badiliko huwa sifuri, na kinapozama, badiliko huwa kubwa vilevile lakini kwa upande wa chini.

Katika mkunjo huo yamo mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. La kwanza ni ukubwa wa badiliko, ambao ni mkubwa zaidi setilaiti ikiwa upeoni. La pili ni kasi ya badiliko, ambayo ni ndogo upeoni na kubwa zaidi setilaiti ikiwa utosini. Kituo cha Anga kinapopita juu kabisa ya Dodoma, wimbi la megahezi 437.8 huhama kwa karibu hezi 200 katika kila sekunde moja. Uwanda wa kati, wenye ardhi tambarare inayokatizwa na vilima vya mawe hapa na pale, humpa mwendeshaji upeo ulio wazi, na kwa hiyo humpa dakika nyingi za sehemu ile ya mpito ambamo badiliko ni kubwa lakini limetulia. Sehemu hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo inayofaa zaidi kwa modi nyepesi za kidijitali.

Kila modi na ustahimilivu wake

Modi ni utaratibu wa kugeuza herufi na tarakimu kuwa mabadiliko ya wimbi ambayo kompyuta ya upande wa pili inaweza kuyasoma. Modi ya zamani na ya kawaida katika setilaiti ni pakiti za biti 1,200 kwa sekunde, ambamo toni mbili za sauti, za hezi 1,200 na 2,200, hupitishwa ndani ya wimbi la FM. Modi hii ni stahimilivu sana, kwa sababu kipokezi cha FM hakisikii masafa yenyewe bali husikia jinsi yanavyoyumba. Wimbi likihama kwa kilohezi 3, toni zilizomo ndani hubaki zilezile, mradi wimbi lote lingali ndani ya mlango wa kichujio. Ndiyo maana pakiti za Kituo cha Anga kwenye megahezi 145.825 hupokelewa kwa redio ya kawaida ya mkononi bila marekebisho yoyote, ilhali kwenye megahezi 437.8 mwendeshaji hulazimika kuanza na 437.810 setilaiti inapochomoza, akashuka kwa hatua za kilohezi 5 hadi 437.790 inapozama.

Hali ni tofauti katika modi zinazopitishwa kwa mkanda mmoja wa pembeni, SSB, ambamo kila hezi inayohama angani huhama pia katika sauti inayoifikia kompyuta. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hutumia toni 8 zilizoachana kwa hezi 6.25 tu, na ujumbe wake mmoja hudumu sekunde 12.64. Wimbi linalohama kwa hezi 200 kwa sekunde litakuwa limehama hezi 2,500 kabla ujumbe haujaisha, yaani nafasi 400 za toni, na hakuna kompyuta itakayoutambua. Hata kupitia RS-44, setilaiti ya Urusi iliyorushwa Desemba 2019 na inayozunguka juu zaidi, kati ya kilomita 1,175 na 1,511, sauti inayorudi huhama kwa takriban hezi 30 kwa sekunde inapopita utosini. FT4, ambayo ni ndugu ya FT8, huachanisha toni zake kwa hezi 20.8 na humaliza ujumbe kwa takriban sekunde 5, kwa hiyo hustahimili zaidi, lakini nayo haiwezi kufanya kazi bila marekebisho.

Hapa ndipo penye kosa linalowapata wengi wanaofika kwenye modi hizi wakitoka kwenye mazungumzo ya sauti. Programu inayosogeza redio mara moja kwa sekunde humtosha anayezungumza, kwa kuwa sikio halijali mruko wa hezi 30; kwa FT8, mruko huohuo katikati ya ujumbe unazidi nafasi nne za toni na unaukata ujumbe vipande. Marekebisho ya modi nyembamba yanapaswa kuwa ya hatua ndogo kuliko nafasi ya toni moja, hezi 1 au 2, na yanayorudiwa mara nyingi kwa sekunde, au yafanywe ndani ya redio ya programu, ambamo kompyuta huzungusha mawimbi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa namba pasipo mruko wowote.

Nani arekebishe, na kwa upande gani

Kanuni ya hesabu ni fupi: badiliko ni masafa yakizidishwa kwa mwendo wa kukaribiana, kisha yakagawanywa kwa mwendo wa mwanga. Ugumu uko katika mwelekeo. Setilaiti inapokaribia, kipokezi lazima kipandishwe ili kilifuate wimbi lililopanda, lakini mtambo wa kurushia lazima ushushwe, kwa sababu setilaiti yenyewe itausikia juu kuliko ulivyorushwa. Anayesahau tofauti hii huzidisha kosa mara mbili badala ya kulifuta.

Jambo hili huwa na uzito zaidi katika setilaiti zenye transponda ya mstari, yaani kifaa kinachopokea kipande kizima cha masafa na kukirudisha duniani katika bendi nyingine. RS-44 hupokea kati ya megahezi 145.935 na 145.995, na hurudisha kati ya 435.610 na 435.670 ikiwa imegeuza mpangilio, hivi kwamba kilichokuwa juu hurudi kikiwa chini. Kugeuza huko kuna faida, kwa kuwa badiliko la kwenda na badiliko la kurudi hupunguzana: upeoni, badiliko la kurudi ni takriban kilohezi 8.6, la kwenda ni takriban 2.9, na kinachobaki ni tofauti yao, karibu kilohezi 5.7.

Kinachobaki hicho kinaweza kufutwa kwa njia nyingi, lakini njia moja tu huwatendea haki wote. Kila kituo hurekebisha sehemu yake, kwa kurusha na kupokea, ili masafa yaliyo thabiti yawe yale yanayofika kwenye setilaiti. Mwendeshaji wa Dodoma na mwenzake wa Muscat wana mikunjo miwili tofauti kwa setilaiti ileile katika dakika ileile. Kila mmoja akirekebisha kana kwamba setilaiti imesimama, watakutana mahali pamoja bila kuulizana, na hawatawaelea juu wengine wanaozungumza jirani. Mmoja wao akirekebisha upande wa kupokea tu, mazungumzo yao yatakuwa yakisafiri kwenye transponda na kuwapitia wengine, jambo ambalo ni kosa la ufundi na ukosefu wa adabu kwa pamoja.

Mahali, saa na mzingo

Programu za kufuatilia setilaiti, kama vile Gpredict, huhitaji kuelezwa mahali pa kituo. Mji wa Dodoma uko takriban nyuzi 6.17 kusini mwa ikweta na nyuzi 35.74 mashariki, kwenye kimo cha takriban mita 1,120, na katika mfumo wa miraba ambao wanaridhaa wote duniani hutajiana mahali walipo, mraba wake ni KI73. Kwa kuwa kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, anayeisahau alama hiyo huwa ameuhamisha mji wake hadi bonde la Mto Omo kusini-magharibi mwa Ethiopia, umbali wa karibu kilomita 1,370, na mikunjo yote atakayopewa itakuwa ya huko. Hata anayeacha programu kwenye mraba wa Dar es Salaam, KI93, kwa kudhani kwamba nchi ni moja, huwa amekosea kwa karibu kilomita 400, umbali ambao kivuli cha Kituo cha Anga huutambaa kwa takriban sekunde 55.

Kosa la mahali hugeuka kuwa kosa la wakati, na kosa la wakati hugeuka kuwa kosa la masafa. Kwa kasi ya hezi 200 kwa sekunde, saa ya kompyuta iliyochelewa kwa sekunde moja tu huleta kosa la hezi 200 mpito unapofika kileleni, ingawa upeoni kosa hilohilo halionekani. Kwa hiyo mwendeshaji anayeona marekebisho yake yakiwa sahihi mwanzoni na mwishoni lakini mabaya katikati, akague kwanza saa yake kabla ya kuilaumu redio. Ni vyema saa hiyo ilinganishwe kwa intaneti, au kwa kipokezi cha GPS pale ambapo mtandao haufiki. Tena programu hizi hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, ilhali mwendeshaji mwenyewe huhesabu siku kuanzia mapambazuko: saa tatu asubuhi ya Dodoma ni 09:00 katika simu yake na 06:00 katika programu. Kituo kinachoendeshwa na watu kadhaa hufaa kiandike kumbukumbu zake zote kwa UTC, ili hesabu tatu za saa zisikutane kwenye daftari moja.

Jambo la tatu ni mzingo, yaani njia ambayo setilaiti huizunguka dunia, ambao huelezwa kwa mistari miwili ya tarakimu inayotolewa upya mara kwa mara kutokana na vipimo vya rada. Hewa nyembamba iliyopo kwenye kimo cha kilomita 400 huvuta chombo na kukishusha kidogo kila siku, kwa hiyo tarakimu za majuma kadhaa yaliyopita hutabiri mpito unaotofautiana na wa kweli kwa sekunde nyingi. Katika latitudo ya Dodoma, ambako njia mbili zinazofuatana za Kituo cha Anga hukata ikweta zikiwa zimeachana kwa takriban kilomita 2,500, mipito mizuri ya siku ni michache kuliko ile wanayoipata watu wa Ulaya, na kuupoteza mmoja kwa tarakimu zilizochakaa ni hasara ya kweli.

Badiliko lisilotabirika

Si kila badiliko la Doppler hutoka kwa setilaiti. Mawimbi mafupi, kama yale ya megahezi 14 yanayowawezesha wanaridhaa kuwasiliana na mabara mengine, hurudishwa duniani na ayonosfea, tabaka la juu la hewa lililochajiwa umeme na miale ya Jua, na tabaka hilo halitulii. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia, si Uganda na Kenya kama ikweta ya jiografia, kwa hiyo Dodoma iko takriban nyuzi 15 au 16 kusini mwake, karibu na ukingo wa kusini ambako ayonosfea ya tropiki hurundikana kwa wingi. Baada ya machweo, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, tabaka hilo hunyanyuka karibu na ikweta ya sumaku kwa makumi ya mita kwa sekunde, kisha hupasuka na kuwa na mapovu yanayotembea.

Tabaka linalopanda kwa mita 30 kwa sekunde huweza kulihamisha wimbi la megahezi 14 kwa karibu hezi 3. Kiasi hicho ni chini ya nafasi moja ya toni ya FT8, lakini kinakaribia nafasi mbili za WSPR, modi ya kupima njia za mawimbi ambayo toni zake zimeachana kwa hezi 1.46 na ambayo ujumbe wake hudumu karibu dakika mbili. Wimbi likihama lote kwa mwendo ulio sawa, programu ya WSPR hutafuta mwendo huo na kuufuta. Mapovu yanapokuwa mengi, hata hivyo, wimbi moja hufika kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kila njia ikiwa na badiliko lake, na toni iliyorushwa ikiwa nyembamba hupokelewa ikiwa pana.

Hali hii huitwa mtawanyiko wa Doppler, na hakuna kitufe wala hesabu inayoweza kuifuta, kwa kuwa hakuna thamani moja ya kurekebisha. Tiba yake ni kuchagua modi ambayo toni zake zimeachana kuliko upana wa mtawanyiko: RTTY, yenye toni mbili zilizoachana kwa hezi 170, husomeka katika jioni ambayo PSK31, inayotegemea utulivu wa awamu ya wimbi, huharibika kabisa. Anayejua kutofautisha kuhama na kutawanyika hatapoteza saa mbili za jioni akisogeza redio yake huku na huko.

Badiliko linalofanana na Doppler

Liko pia badiliko ambalo si la Doppler hata kidogo. QO-100, transponda ya wanaridhaa iliyomo ndani ya setilaiti ya Qatar Es'hail-2 iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018, husimama nyuzi 25.9 mashariki juu ya ikweta ikizunguka sambamba na dunia, na kutoka Dodoma huonekana upande wa kaskazini-magharibi, nyuzi 76 hivi juu ya upeo. Kwa kuwa karibu haisogei, badiliko lake la Doppler ni dogo mno. Hata hivyo, anayeipokea kwenye megahezi 10,489 kwa kichwa cha kawaida cha dishi la televisheni huona mawimbi yakihama kwa kilohezi nyingi kati ya asubuhi na mchana. Sababu ni fuwele ya kwatsi iliyomo ndani ya kichwa hicho, ambayo masafa yake hubadilika kwa joto. Kosa la sehemu moja tu katika milioni huwa kilohezi 10 katika bendi hii, na kichwa kilicho juani Dodoma mwezi Oktoba hupitia tofauti kubwa za joto kila siku.

Marekebisho yake hayawezi kutoka kwenye tarakimu za mzingo. Hutoka kwenye mnara wa masafa, yaani wimbi thabiti ambalo waendeshaji wa transponda hulirusha mahali panapojulikana ili kila mtu alinganishe nalo: programu hupima umbali kati ya mahali wimbi hilo linapoonekana na mahali linapopaswa kuwa, kisha husogeza kila kitu kwa kiasi hicho.

Maarifa yaliyomo ndani ya badiliko

Oktoba 1957, wiki ileile iliporushwa Sputnik, wanafizikia wawili wa Marekani, William Guier na George Weiffenbach, walirekodi mkunjo wa Doppler wa wimbi lake la megahezi 20, na kutokana na mkunjo huo pekee wakaweza kuukokotoa mzingo wa chombo. Hesabu yao ilipogeuzwa, ili mzingo unaojulikana utaje mahali pasipojulikana, ulipatikana mfumo wa Transit, uliotangulia GPS katika kuwaelekeza mabaharia. Kile ambacho mwendeshaji hukifuta ili asome ujumbe ndicho kinachobeba habari za njia ya chombo.

Jambo hili limekuwa na maana ya karibu kwa Afrika Mashariki. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga tarehe 11 Mei 2018, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda tarehe 2 Desemba 2022 pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe na TAKA ya Japani, zote zikisikika katika bendi ya megahezi 437. Vyombo kadhaa vinapoachiliwa pamoja, rada huona nukta zinazofuatana bila kujua ipi ni ya nani, na mara nyingi ni mkunjo wa Doppler uliorekodiwa na vituo vya ardhini unaotoa jawabu, kwa kuwa nukta moja tu ndiyo yenye mzingo unaolingana na mkunjo huo. Vituo vingi vya wanaridhaa viko Ulaya na Amerika Kaskazini, na mpito unaoonekana kutoka ukanda wa tropiki wa Afrika huwa na pembe nyingine na saa nyingine ambazo vituo hivyo haviwezi kuzipata.

Kwa sababu hiyo kituo cha uwanda wa kati kinafaa kifanye kazi mbili kwa pamoja: kirekebishe badiliko ili ujumbe usomeke, na kihifadhi pia rekodi ghafi ambayo haijarekebishwa, pamoja na saa sahihi ya UTC na mahali halisi pa antena. Rekodi ghafi huweza kurekebishwa baadaye kwa tarakimu bora za mzingo, lakini rekodi iliyorekebishwa kwa tarakimu mbovu, bila kumbukumbu ya kilichoondolewa, imepoteza vipimo vyake. Vifaa vya kazi hii, yaani antena ndogo, redio ya programu na kompyuta, viko ndani ya uwezo wa shule ya sekondari au idara ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwanafunzi anayechora kwa mkono wake mkunjo wa mpito mmoja, kisha akaukokotoa mwendo wa setilaiti kutokana nao, huwa amepima kwa vifaa vyake mwenyewe jambo ambalo vitabu vingi humtaka aliamini tu.